Sura ya Nne: Wa Kitabuni au wa Jana?

"Mwalimu, nichore wa kitabuni au wa jana?"

Aliyeuliza alikuwa msichana wa darasa la sita, ameketi dawati la tatu karibu na dirisha, penseli mkononi, daftari bado jeupe. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi wachore mwezi mwandamo. Katika kitabu chetu, ambacho watoto wanne walikuwa wakikitumia kwa pamoja, mwezi huo ulichorwa umesimama wima: mgongo upande mmoja, pembe mbili upande wa pili, moja juu na nyingine chini. Lakini jioni iliyotangulia mwezi wenyewe ulikuwa umeonekana magharibi, juu ya vilima, na karibu watoto wote waliuona kwa sababu Ramadhani ilikuwa inaandama na mitaa mizima ilikuwa nje ikiutafuta. Haukuwa umesimama. Ulikuwa umelala chali, pembe zote mbili zikitazama juu, mfano wa kata ya kuchotea maji mtungini.

Nilimwambia achore wa jana. Akainama akachora. Mimi nikabaki na swali lake, na niseme wazi kwamba yote niliyojifunza baadaye kuhusu kufundisha anga yalianzia pale. Mtoto yule alikuwa na macho mazuri, alikuwa amekitazama kitu chenyewe usiku uliopita, na bado aliona haja ya kuomba ruhusa ili ayaamini macho yake.

Kwa nini mwezi wetu hulala? Sisi tulio karibu na ikweta tunaliona jua likizama kwa kushuka moja kwa moja, kama ndoo inayoteremshwa kisimani. Mwezi nao hupita karibu njia hiyo hiyo. Kwa hiyo jua likishazama, liko chini ya mwezi, na kwa kuwa upande wa mwezi unaong'aa ni ule unaolielekea jua, tumbo la mwezi ndilo linalowaka na pembe hubaki juu. Huinama kidogo huku au kule kulingana na miezi ya mwaka, lakini kwa jumla hulala. Mtu aliyeko London huliona jua likizama kwa mshazari, likiteleza kando kando ya upeo wa macho. Kwake yeye jua lililozama liko chini na pembeni, na mwezi wake huonekana umeegemea ubavu. Mchoro wa kitabu chetu ulikuwa wa kweli kwa uwanja wa nyumba ya mchoraji. Haukuwa wa kweli kwa uwanja wetu.

Siku hiyo hiyo nilifuta ubaoni orodha ya sayari niliyokuwa nimeiandika asubuhi. Sikuifuta kwa kuwa ilikuwa na kosa. Niliifuta kwa sababu nilikuwa nimeanzia mwisho. Mtoto wa miaka 11 au 13 anaweza kukariri sayari nane kwa dakika kumi na kuzisahau kwa wiki moja. Nilitaka aanze na vile vinavyopita juu ya kichwa chake kila siku: jua, mwezi, na zile nyota chache ambazo bibi yake anazijua kwa majina.

Basi tukaanza na mwezi.

Waulize watoto kwa nini mwezi hupungua. Katika kila darasa nililowahi kuuliza, wengi walijibu kwamba unafunikwa na kivuli cha Dunia. Ni jibu la mtu anayefikiri, kwa hiyo usilikatae haraka. Ngoja siku ya saba au ya nane baada ya mwezi kuandama, uwatoe nje jua linapokaribia kuzama. Mwezi utakuwa nusu, tena utakuwa karibu na utosi. Waambie wanyooshe mkono mmoja kwenye jua na mwingine kwenye mwezi, kisha uliza: "Kama jua liko magharibi, kivuli chako kimelala wapi?" Watageuka na kuonyesha mashariki. "Na kivuli cha Dunia?" Mashariki pia. "Sasa mwezi uko wapi?" Hapo pataingia kimya, na ndicho kimya ambacho mwalimu hukitafuta mwaka mzima. Mikono imenyooka, mmoja magharibi na mmoja juu, na kila mtoto anaona kwa mwili wake kwamba kivuli hakiwezi kufika kule.

Kesho yake leteni machungwa. Ziba madirisha kwa kanga na mablanketi, acha taa moja tu iwake katikati ya darasa. Pasipo umeme, taa ya sola inatosha kabisa. Kila mtoto achomeke chungwa lake kwenye penseli, alinyooshe mbele kwa urefu wa mkono. Taa ni jua, chungwa ni mwezi, kichwa ni Dunia, na pua, watoto wangu walipenda sana jambo hili, pua ni Dodoma. Waanze kwa kuielekea taa, halafu wageuke polepole kuelekea kushoto huku macho yakiwa kwenye chungwa. Mwanzoni chungwa ni giza tupu. Kisha ukingo wake wa kulia unashika mwanga mwembamba kama kucha. Wakifika robo ya mzunguko, nusu inang'aa. Wakiipa taa mgongo, chungwa zima linawaka.

Isipokuwa kwa yule ambaye chungwa lake limejificha nyuma ya kichwa chake mwenyewe. Mwaka ule alikuwa mvulana mrefu wa nyuma kabisa. "Mwalimu, langu limezimika!" Darasa zima likageuka kumtazama. Nikamwambia abaki vile vile, nikawaita wenzake waje kuona: kivuli cha kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya chungwa. Hicho sasa ndicho kivuli cha Dunia, na huko ndiko kupatwa kwa mwezi. Akaliinua chungwa kidogo, likawaka tena. Kabla sijasema neno, msichana mmoja akauliza mbona basi mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu. Jibu lilikuwa mkononi mwa yule mvulana. Njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya Dunia kuzunguka jua, kwa hiyo mara nyingi mwezi mpevu hupita juu kidogo ya kivuli chetu au chini yake kidogo.

Ukiligeuza jambo hilo, mwezi ukapita mbele ya taa, unapata kupatwa kwa jua. Watanzania wengi wanaikumbuka tarehe 1 Septemba 2016, watu walipokusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, wakaliona jua likibaki pete. Lilibaki pete kwa sababu njia ya mwezi si duara kamili. Kuna nyakati huwa karibu nasi, kilomita 363,000 hivi, na nyakati nyingine hufika kilomita 405,000. Siku ile ulikuwa mbali kiasi cha kutoweza kulifunika jua lote. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amewafafanulia wananchi mambo ya anga, alikuwa miongoni mwa walioliandaa taifa kwa siku hiyo. Huku Dodoma jua halikuwa pete, lilimegwa tu. Ilipokaribia saa sita mchana watoto waligundua kwamba chini ya mwarobaini wa shule, kila mwanga uliopenya kati ya majani ulikuwa umechora ardhini kipande cha jua kilichomegwa, mamia ya miezi midogo imetapakaa vumbini. Hakuna aliyelazimika kuinua macho. Nasisitiza hili kwa mwalimu yeyote: jua halitazamwi kwa macho matupu, wala kwenye beseni la maji kama tulivyoelekezwa tulipokuwa wadogo, kwa maana mng'ao wa majini nao huunguza jicho. Mti wenye majani unatosha. Karatasi yenye tundu dogo inatosha pia, mradi utazame mwanga ulioanguka chini na usichungulie tunduni.

Sasa nije kwenye kijiti, ambacho ndicho chombo ninachokipenda kuliko vyote.

Chomeka uwanjani kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita moja juu ya ardhi. Hakikisha kimesimama wima kwa kuning'iniza kando yake uzi wenye jiwe. Kila wiki, siku ileile, mtoto mmoja apime kivuli cha mchana kinapokuwa kifupi kuliko vyote, aweke alama ya kokoto, aandike tarehe. Kwa mtu wa Dodoma, iliyo nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini na kivuli hulala kusini, urefu wake kama sentimita 57. Mwezi Desemba jua limehamia kusini kupita utosi wetu, kivuli kimegeukia kaskazini nacho kina sentimita 31 tu. Kati ya hapo, mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini kabisa na kijiti hukosa kivuli. Hakuna mtoto wa Paris wala wa New York anayeweza kuliona jambo hili akiwa nyumbani kwao. Sisi hulipata mara mbili kila mwaka, na katika miaka yangu yote ya kusoma hakuna aliyenitoa nje kunionyesha.

Mara ya kwanza nilipolipanga nilikosea, na kosa lenyewe likawa somo bora kuliko nililoliandaa. Ilikuwa tarehe 5 Machi. Niliwatoa watoto saa sita kamili, wote wakaketi kuzunguka kijiti kama watu wanaota moto. Kivuli kilikuwepo. Kilikuwa na sentimita ishirini na kitu, kimelala magharibi, wala hakikuonyesha dalili ya kuondoka. Watoto walinitazama. Nikatazama saa, nikatazama kijiti, na nikawaambia ukweli kwamba sielewi, tungoje tuone.

Tukangoja. Kivuli kikawa kinafupika taratibu. Dakika thelathini zikapita, kengele ya chakula ikalia na hakuna aliyesimama. Ilipokaribia saa saba kasoro dakika 12 kivuli kilikuwa kimeingia chini ya kijiti chenyewe, na mtoto mmoja akapiga magoti akapapasa ardhi kuzunguka shina lake kana kwamba kimedondoka mahali. "Hakipo! Babu yeyote wa kijiji hiki hajawahi kuniambia!"

Usiku ule nilikaa na ramani. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao hupita karibu na Mogadishu. Dodoma iko nyuzi 36 hivi. Dunia huchukua dakika 4 kugeuka nyuzi moja, kwa hiyo jua likishafika katikati ya anga ya Mogadishu, hutuchukua dakika 36 zaidi kulipata sisi. Juu ya hapo, mwanzoni mwa Machi jua huchelewa kama dakika 12 nyingine, kwa kuwa Dunia imeinama na mwendo wake kulizunguka jua hauko sawa mwaka mzima. Jumla yake ni karibu dakika 48. Kesho yake niliwaandikia watoto hesabu hiyo ubaoni, wakaifanya wenyewe kuanzia mwanzo. Wakaniambia basi sasa tuzihesabu za Oktoba. Mwezi huo jua huwahi badala ya kuchelewa, kwa hiyo kivuli hupotea mapema zaidi, kwenye saa sita na dakika 24 hivi. Walihesabu kwanza, wakaangalia baadaye, na siku ilipofika kijiti kiliwatii.

Kijiti hicho hicho ndicho kinachofungua suala la majira, na hapa mwalimu wa kwetu ana mtego ambao mwenzake wa Ulaya hana. Ukimuuliza mtoto kwa nini Januari kuna joto na Julai kuna baridi na upepo, atajibu kwamba Januari tumelikaribia jua. Ajabu ni kwamba kuhusu umbali mtoto huyo yuko sahihi! Mwanzoni mwa Januari Dunia huwa kilomita milioni 147 hivi kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Mtoto wa Ulaya akitoa jibu hilo, theluji ya Januari inamkanusha akiwa bado mlangoni pake. Wetu hakanushwi na kitu. Lazima umtoe nje ya uwanja wake kwa mawazo: "Una shangazi anaishi Ujerumani. Januari anavaa nini?" Koti zito. Na Dunia ni moja, haiwezi kulikaribia jua kwa Dodoma ikakaa mbali kwa Ujerumani. Tofauti ya umbali haifiki asilimia 4. Kinachobadilika sana ni kimo cha jua angani, kwa sababu mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23 na nusu, na kokoto zenu kule uwanjani zimekiandika kimo hicho wiki baada ya wiki.

Orodha ya majira manne ambayo watoto huikariri huwa inanihuzunisha. Mtoto wa Dodoma anajua mvua inayoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na anajua ukame mrefu unaofuata. Mtoto wa Tanga anajua masika na vuli, mvua mbili, kwa sababu ukanda wa mvua hulifuata jua likienda kaskazini na likirudi kusini, na hupita kwao mara mbili. Mtoto wa Lamu au Unguja anajua kaskazi na kusi, pepo ambazo mababu zake walizitumia kuvuka bahari kwenda na kurudi Arabuni. Yote hayo yanatokana na mwinamo ule ule wa mhimili. Mwambie mtoto aandike majira aliyoyaishi, kisha mtafute pamoja yanahusianaje na kokoto.

Sayari zenyewe sizipuuzi, ila kuhusu majina yake sina mengi. Vitabu vingi vya shule husema Zebaki, mimi napenda pia kuwapa jina la zamani, Utaridi, kwa sababu linakaa vizuri kwenye ukoo wa Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, majina tuliyoyapokea kwa Kiarabu, ya sayari zote tano zinazoonekana bila darubini. Uranusi na Neptuni zilikuja baadaye. Kuhusu Pluto, kama kitabu chako bado kinahesabu sayari tisa, kilitungwa kabla ya Agosti 2006, wanaastronomia walipokutana Prague na kuiweka Pluto katika kundi la sayari kibete. Watoto hupenda kubishana juu ya hilo, nami huwaacha wabishane.

Kinachonigusa zaidi ni umbali. Michoro ya vitabu huzipanga sayari mstarini zikigusana kama shanga, jua likiwa kona ya kushoto. Mchoraji hana jinsi, ukurasa haumtoshi. Barabara inatosha.

Chukua mpira wa miguu wa kawaida, upana wake sentimita 22. Huo ndio jua. Kwa kipimo hicho Dunia ina upana wa milimita 2: punje ya ulezi. Zuhura ni punje nyingine ya ulezi. Mirihi ni mbegu ya mchicha, na Utaridi ni mbegu ya mchicha iliyo ndogo zaidi. Mshtarii ni gololi kubwa, Zohali ni gololi ya kawaida uliyoivisha pete ya karatasi, Uranusi na Neptuni ni dengu mbili. Kila kimoja kibandikwe kwa gundi kwenye kadi, kila kadi ipate mtoto wa kuibeba.

Mpira uwekwe kwenye mstari wa goli, halafu muanze kutembea. Mita 9, Utaridi anasimama. Mita 17, Zuhura. Mita 24, punje yetu ya ulezi, na hapo nawasimamisha wote. Ichoreni nukta moja ya kalamu sentimita 6 kutoka kwenye punje, huo ndio mwezi, na ndio mbali kuliko kote ambako mwanadamu amewahi kufika. Kisha geukeni muutazame mpira. Unaonekana mdogo. Kwa hakika, ukiwa hapo mpira unaonekana una ukubwa ule ule ambao jua linao angani, kwa kuwa kipimo ni kimoja. Watoto hunyamaza wakiutazama.

Mita 36, Mirihi. Mpaka hapa sayari nne zimesimama ndani ya theluthi ya uwanja, na mbeba gololi anadhani zamu yake imefika. Haijafika. Tunavuka katikati ya uwanja, tunalipita goli la pili, tunatokea barabarani, na kwenye mita 123 ndipo Mshtarii anapopata pa kusimama. Zohali yuko mita 226, karibu na mashine ya kusaga. Uranusi mita 454. Mtoto wa Neptuni hutembea mita 711, mpaka anakuwa kitu chenye shati jeupe kwenye ukingo wa barabara, na tukimpungia mkono anachukua muda kutuona. Mwaka mmoja mbeba Neptuni alirudi akihema, akasema neno moja tu: "Kumbe!"

Mwanga, unaokimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, ukiuweka kwenye kipimo hiki hutembea chini kidogo ya sentimita 5 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa sisimizi mwenye haraka. Nilipowaambia hivyo, watoto walimtafuta sisimizi, wakamfuata na rula. Kutoka kwenye mpira mpaka kwenye punje yetu, sisimizi huyo wa mwanga angetumia dakika 8 na sekunde 20. Kufika kwa yule mwenye shati jeupe, zaidi ya saa nne.

"Na nyota ya karibu zaidi tuiweke wapi?" Wanauliza kila mwaka, na kila mwaka wananyoosha vidole: kituo cha basi, mjini, Morogoro. Nyota ya karibu kuliko zote baada ya jua inaitwa Proxima Centauri, ni ndogo kuliko jua letu, kwa kipimo chetu ni ndimu. Umbali wake unatoka zaidi kidogo ya kilomita 6,300. Ukitoka Dodoma uipite Kongo yote na Afrika Magharibi yote mpaka ufike Dakar, Senegali, ukingoni mwa bahari ile nyingine, huko ndiko iliko ndimu. Na sisimizi wetu angefika baada ya miaka 4 na miezi kadhaa. Nimewahi kuona mtoto akiiinamia punje ya ulezi kwenye kadi, akaifunika kwa kiganja asiipoteze.

Ukitaka waone kwamba punje hiyo inatembea, tumia Kilimia. Jina lenyewe limebeba kulima, na wazee wengi wanakijua kile kifungu cha nyota ndogo sita au saba zilizosongamana. Watume watoto wakawaulize babu na bibi zao. Watarudi darasani na habari nyingi kuliko ulizotarajia: nani alikuwa akipanda wakati gani, nani alikitazamia kwenye kilima gani. Mwishoni mwa Novemba Kilimia huchomoza mashariki jua linapozama, na mkulima yuko shambani au anaangalia mawingu. Kila wiki jioni kinakuwa juu zaidi. Katikati ya Aprili kiko chini magharibi, na Mei hakionekani tena. Kimekwenda wapi? Waweke watoto wazunguke kuta za darasa, mmoja wao awe Kilimia, mpira uwe katikati, na mwenzao mmoja auzunguke mpira. Atafika mahali ambapo akitaka kumwona Kilimia, mpira umesimama katikati yao. Nyota haikwenda kokote, ni yeye aliyehama. Nusu ya pili ya Juni, anayeamka kabla ya alfajiri kuchota maji atakikuta mashariki, kimetokea upande wa pili wa jua.

Kazi ya mwisho ya muhula huwa ya nyumbani, nayo huhitaji choroko moja. Siku ya mwezi mpevu mtoto ausubiri mwezi uchomoze. Ukiwa ndio kwanza unatoka nyuma ya mibuyu utaonekana mkubwa kama sinia. Anyooshe mkono, aishike choroko kwa ncha za vidole, afumbe jicho moja, aone kama inaufunika. Baadaye, kabla ya kulala, mwezi ukiwa juu na ukionekana umenywea, arudie kwa mkono ule ule na choroko ile ile. Aandike alichokiona.

Yule msichana wa dawati la tatu aliniletea daftari lake Jumatatu. Alikuwa amechora mara tatu, kila mchoro una saa yake pembeni, mwezi na choroko sambamba. Mara zote tatu choroko ilikuwa imeufunika mwezi wote. Chini yake aliandika kwa mwandiko uliobanwa ukaingia mpaka kwenye pambizo: "Ukubwa ni ule ule. Nimepima tena nikamwita na kaka akapima. Lakini ukichomoza bado naona ni mkubwa. Mwalimu, kwa nini macho yananiambia hivyo?"